Nimefurahi Nusu

Bibi harusi alivua kiatu cha kulia, akakiweka mezani katikati ya glasi. Akavua na cha kushoto.

Hakulia wala hakumtukana mtu. Alikusanya gauni lake kwa mikono miwili kama anayevuka dimbwi, akapita katikati ya ukumbi peku, akatoka.

Ndoa yake ilikuwa na umri wa mchana mmoja.

Bwana harusi alibaki kando ya keki, kisu mkononi. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na sura yake mwenyewe, kubwa kuliko mlango. Mdomo wazi, ufizi nje, ulimi umejikunja, kidole kimenyooshwa. Anacheka.

Sura ile niliitundika mimi.

Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya pembeni, laptopu mbele yangu, mikono nimeikunja. Roho yangu ilikuwa baridi, imeshiba.

Msinishangilie bado. Kulikuwa na picha moja iliyobaki kwenye foleni, na hiyo sikuwa na habari nayo.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa kazi hamtaelewa ukatili.

Studio yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Cha mbele kilikuwa cha wateja, kina kochi jekundu na maua ya plastiki. Cha nyuma ndiko tulikopika: kompyuta, nyaya, kamera kwenye miguu yake mitatu, na ukuta mmoja mweupe wa kumulikia picha.

Bosi alitaka aitwe Dairekta, hata na mama yake mzazi. Mpiga kamera tulimwita Zumu, kwa sababu hakuwahi kuona chunusi ya mtu asiisogelee. Mimi niliitwa Diploma. Siku ya kwanza Dairekta alikishika cheti changu, akakigeuza nyuma na mbele, akasema ni karatasi ngumu, itafaa kuwekea kikombe. Jina likanigandia hapohapo.

Tulirekodi harusi, mahafali na mazishi. Wateja wengi walichukua kamera ya video peke yake, kwa hiyo picha za albamu tulizichomoa humohumo ndani ya video. Video ni picha tuli nyingi zinazokimbizana. Kila moja inaitwa fremu. Ukiisimamisha mahali pazuri, umepata picha.

Kuisimamisha ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Simamisha. Bonyeza kutoa. Andika jina. Chagua folda. Kubali. Sogea kidogo. Simamisha tena.

Harusi moja ilitaka hivyo mara mia kadhaa. Kiganja kiliniuma mpaka nikawa nampa mama chupa ya maji anifungulie.

Ndipo nikaandika skripti. Ni maagizo tu, mistari michache ambayo programu ya kuhariria inaisoma na kuifuata bila kuuliza. Nilitazama video mara moja, nikawa naweka alama kwa kidole kimoja. Alama ya kijani: hapa pana picha ya albamu. Alama nyekundu: hapa mtu kaharibika sura, pakatwe. Nikimaliza, skripti inapita alama moja baada ya nyingine, inachomoa fremu, inaipa jina, inaitupa kwenye folda yake. Mimi nakwenda kunywa chai.

Nikaiita Kijakazi.

Kila mstari niliuandikia maelezo ya Kiswahili pembeni. Dairekta akacheka, akasema kompyuta haijui Kiswahili. Nikamwambia itajifunza, kama yeye alivyojifunza kufunga tai.

Hakunipongeza. Aliitazama Kijakazi ikifanya kazi, akanitazama mimi na kikombe changu, akasema sasa amejua nani katika chumba kile ana akili na nani anakunywa chai.

Sasa nifike kwenye Ijumaa.

Kila Ijumaa baada ya chakula tulifanya mambo mawili. La kwanza, kupima betri. Zumu alizipanga kamera zote kwenye kona, akaziwasha, akaziacha zirekodi chochote kilicho mbele yao mpaka zizimike zenyewe. Betri iliyokufa mapema ilitupwa. Video za kipimo hicho hazikutazamwa na mtu. Zilirundikwa kwenye diski moja iliyoandikwa BETRI, zikingoja kufutwa.

La pili liliitwa Makumbusho.

Pazia lilishushwa, mlango ukafungwa, ukuta ukamulikwa. Kisha zikapita sura mbaya za wiki nzima. Shangazi wa mtu katikati ya kutafuna. Mzee aliyesinzia, mate yananing'inia. Binti aliyekuwa anapiga chafya mbele ya maiti ya baba yake.

Kabla yangu Zumu alikuwa akizichomoa kwa mkono, chache tu. Kijakazi ilipoingia, Dairekta akaagiza alama nyekundu nazo zitolewe, zipewe folda yake. Mavuno yakawa ya kujaza lori.

Lazima niwaambie kitu kuhusu fremu moja. Hakuna binadamu mzuri katika kila fremu. Mchukue mrembo yeyote, msimamishe katikati ya neno, utapata kichaa. Sura nzuri inahitaji kutembea ili iwe nzuri. Ukiikata mguu, inaanguka.

Zumu alijua hivyo. Ndiyo maana alipenda kazi yake.

Mimi nilikaa kiti cha mbele kabisa, kwa sababu ndimi niliyekuwa nabonyeza picha inayofuata. Nilikuwa nacheka? Nilikuwa nimeajiriwa. Jazeni wenyewe.

Mama yangu ni fundi wa nguo za harusi. Kiharusi kilimpitia siku moja akipiga pasi. Kilimwachia mikono yote miwili, mizima kabisa, kikamchukulia upande wa kushoto wa mdomo.

Mafundi wa cherehani hubana pini kwa midomo. Mama hakuweza tena. Akawa anazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, na mbele za watu anazungumza na ncha ya mtandio imeziba mdomo. Ni nyumbani tu alikocheka wazi, kwa mdomo wote uliobaki.

Studioni sikumtaja. Si kwa aibu. Mle ndani ukitaja kitu unachokipenda, kinakuwa mzaha kabla chai haijapoa. Kwa hiyo Zumu na Dairekta hawakujua kama nina mama, achilia mbali ana sura gani.

Basi ikawa harusi moja, mama ndiye aliyeshona gauni. Zipu ikafumka ukumbini. Akaitwa, akapiga magoti nyuma ya bibi harusi, mikono yote miwili kazini, sindano ikienda na kurudi. Bibi harusi akageuka akamwambia neno la shukrani na utani kidogo. Mama akacheka.

Hakuwa na mkono wa kuziba mdomo.

Zumu akasogeza lenzi.

Harusi ile aliihariri mwenyewe, mimi nilikuwa na mahafali ya watu. Alama nyekundu aliiweka yeye. Kijakazi ikatoa, kama ilivyofunzwa.

Ijumaa nikabonyeza, na mama yangu akatokea ukutani, kuanzia sakafuni mpaka darini.

Zumu alisubiri kidogo. Alikuwa na ustadi wa kusubiri, huyo mwana.

"Huyu mama," akasema, "upande wa kulia umepata habari njema. Wa kushoto bado hawajaambiwa."

Dairekta alitoka kwenye kiti akaangukia magoti. Alipiga sakafu kwa kiganja. Akanyoosha kidole ukutani, akawa hawezi kusema, anapumua tu kama mtu aliyekabwa na muhogo.

Mimi nilifungua mdomo niseme basi, huyo ni mama yangu.

Mdomo ukafunguka. Neno halikutoka.

Nikaufunga. Nikabonyeza picha inayofuata.

Dairekta akaniamuru nirudi nyuma. Akamwambia Zumu aikate ile sura atengeneze stika ya simu, na maneno ya kuandika akayatoa yeye, machozi yakimtoka: Nimefurahi nusu.

Mnaijua. Najua mnaijua. Inawezekana wewe unayesoma hapa umeituma wiki hii, mtu alipokuletea habari ya nusunusu. Ile sura ina mwenyewe. Anapenda chai isiyo na sukari, na anashona vifungo mara mbili ili visikatike.

Stika ilitoka kwenye kundi la Zumu, ikaingia makundi ya mafundi simu, ya wanafunzi, ya wake wa watu. Halafu ikapanda ngazi za nyumbani kwetu.

Mteja alimwandikia mama kumwuliza gauni lake limefikia wapi. Mama akajibu limefika nusu. Mteja akamrudishia stika.

Nadhani hakujua ni sura ya nani. Mpaka leo naomba awe hakujua.

Nilipoingia, mama alikuwa amekaa kitandani, simu imelala kwenye mapaja. Hakuwa ameziba mdomo. Hakukuwa na haja tena.

"Hii ni mimi," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Yule mwenye kamera, si ni wa kwenu?"

Nikakubali kwamba ni wa kwetu. Nikamweleza Dairekta ni mtu wa namna gani, na Zumu, na Ijumaa zao. Nilimimina yote, nikatukana mpaka nikaishiwa pumzi.

Akaningoja nimalize.

"Na wewe ulikuwepo walipokuwa wanaitengeneza?"

Nikasema sikuwepo.

Lilitoka kwa urahisi, hilo neno. Lile lingine lilikwama kooni, hili likateleza kama sabuni.

Mama akanishika kichwa. Akasema afadhali, maana angeshindwa kulala akifikiri mwanawe alikaa pale akitazama.

Siku ile akaitandikia cherehani shuka. Mashine iliyotusomesha, mimi na cheti changu cha kuwekea kikombe, akaifunika kama maiti. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao, akawa anavipitisha mlangoni kupitia upenyo, uso kaugeuza. Sokoni akawa anaagiza jirani. Akala akitazama ukuta. Akazungumza na mimi kupitia mtandio, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kile kicheko cha nusu mdomo, ambacho nilikuwa nakipata bure kila siku, kikafungwa.

Nikaapa kwamba kitafunguliwa, na yule aliyekifunga nitamfungia chake.

Sikuacha kazi. Wanaoacha kazi kwa hasira huacha na funguo.

Dairekta naye akapata mchumba. Alikuwa amemwona kitambo, kwenye harusi ya dada mkubwa wa huyo binti, ambayo tuliirekodi sisi. Kwenye harusi ile ile, mama wa mabinti hao alilia wakati wa kumkabidhi bintiye, akalia kikweli, makamasi mpaka kidevuni. Alama nyekundu. Ijumaa yake Dairekta aliisimamisha picha ile muda mrefu, akachukua ufagio akawa anajifanya kuyafagia makamasi ukutani.

Kisha akaenda kuposa. Mtu anaomba binti wa watu huku makamasi ya mama mkwe wake yamo kwenye diski yake.

Harusi ikapangwa. Dairekta akaniita, akaniambia siku yake hataki masihara: wageni wakiwa mezani, ukutani zipite picha za safari yake na mchumba, na mimi ndiye nitakayekaa kwenye laptopu.

"Diploma," akasema, "siku hiyo moja tu jifanye una akili."

Nikamwambia nitajitahidi.

Mnakumbuka diski ya BETRI.

Kamera za kona zilikuwa zimerekodi kila Ijumaa ya Makumbusho. Zilikuwa zinatazama chumba kizima kwa ubavu: ukuta wenye picha, na watu wanaoucheka. Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo, kwa sababu kwao video za betri hazikuwa video. Zilikuwa betri.

Nikamwandikia Kijakazi maagizo mapya. Pita kila faili ndani ya diski. Kila baada ya nusu dakika chomoa fremu moja. Acha zile zenye giza. Panga kwa jina la faili, weka kwenye folda ya harusi baada ya picha ya tatu ya wapenzi. Ukimaliza, futa video zote za diski, moja kwa moja, zisirudi.

Huo mstari wa mwisho niliuandika kwa raha. Sikutaka mtu aje baadaye aulize zilitoka wapi.

Lakini kabla sijaiwasha, niliitafuta Ijumaa ya mama. Nikalikuta faili lake kwa tarehe. Sikulifungua. Sikutaka kuiona tena ile sakafu ikipigwa kiganja. Nikalifuta kwa mkono, nikapumua, nikaiachia Kijakazi ikimbie.

Iliporudi nikafungua picha za mwanzo. Ya kwanza tu ikanitosha: Dairekta na ufagio wake, na mama mkwe ukutani. Nikaziangalia nyingine chache. Vicheko vilivyogandishwa, jamani. Meno ya mbwa mwitu, pua zimepanuka, macho yamepotea ndani ya mashavu. Watu waliokuwa wakitafuta ubaya kwenye nyuso za wengine, kumbe mbaya kuliko wote walikuwa wao, na walikuwa wanajirekodi.

Zilikuwa tamu hivi kwamba sikuona haja ya kufika mwisho. Kazi ya kuzitazama zote ndiyo niliyomwachia Kijakazi tangu zamani.

Kilichobaki ni kumtoa mama nyumbani.

Alikataa. Nikambembeleza. Akasema watu watamtazama.

"Leo watakuwa na kingine cha kutazama," nikamwambia.

Akanikazia macho muda mrefu. Kisha akaenda kuvaa. Alikaa meza ya nyuma kabisa karibu na mlango, mtandio umeziba mdomo, mkono umeushika. Nikamwonyesha mahali nitakapokaa. Akaitikia kwa kichwa.

Wageni walipoanza kula, nikawasha.

Wapenzi bustanini. Wapenzi kwenye ngazi. Wapenzi wamekumbatiana, ukumbi mzima ukatoa ule mguno wa utamu.

Halafu Dairekta na ufagio.

Watu walicheka kwanza. Walidhani ni utani wa bwana harusi. Mjomba mmoja akapiga makofi. Kisha mwanamke fulani akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeomba chumvi, kwamba yule ukutani si ni mama wa bibi harusi.

Kicheko kilikatika kwanza meza ya bibi harusi, kikaenda kikikatika meza kwa meza.

Picha ya pili: Dairekta ananyoosha kidole. Nyuma yake ni shangazi mmoja aliyekuwa ukumbini mlemle, kijiko mkononi. Ya tatu. Ya nne. Kila meza ilipata mtu wake. Studio ilikuwa imewarekodi wote kwa miaka, na wote walikuwa wamekuja kusherehekea.

Mama mkwe hakulia safari hii. Alijifuta kidevu, ingawa kilikuwa kikavu.

Ndipo bibi harusi akavua viatu.

Zumu alikuwa anakuja mbio kati ya viti. Sikuwa na wasiwasi. Projekta ilikuwa juu darini, rimoti yake ilikuwa mkobani mwangu, na laptopu nilikuwa nimeifunga kwa nywila ndefu kuliko jina la mtu.

Nikageuka kumtafuta mama.

Alikuwa amesimama. Mtandio ulikuwa umeanguka begani na hakuwa ameuokota. Mikono yake ilikuwa chini. Mbele ya watu wote wale, mdomo wazi, mama yangu alikuwa anacheka. Nusu yake yote.

Nimepata, nikasema moyoni. Nimekipata.

Halafu nikaona kile kicheko kinaganda.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ukuta.

Nikageuka.

Mama alikuwa kwenye ukuta wa studio, ndani ya ukuta wa ukumbi, mdomo umekwenda upande. Dairekta sakafuni, kiganja hewani. Zumu ameshika tumbo. Na mbele yao wote, kiti cha kwanza, karibu na kamera kuliko mtu yeyote, mimi. Mdomo wangu umefunguka mpaka magego. Mashavu yamepanda. Kidole kiko kwenye kitufe.

Sasa nieleze ujinga wangu, na wenzangu wa kazi hii mtashika vichwa. Kamera ikirekodi muda mrefu haitengenezi faili moja. Linapojaa, inakata, inafungua la pili. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Ijumaa ya mama ilikuwa vipande viwili. Nilifuta kimoja. Cha pili kilikuwa kifupi, betri ilifia humo, na kamera ilikipa jina linaloanza na herufi badala ya tarehe, kwa hiyo kikajipanga nyuma ya vyote.

Kijakazi haikosei. Niliiambia pita kila faili.

Niliivamia kibodi. Nikaandika nywila, ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Zumu alikuwa amenifikia, ameshika waya tayari kuuchomoa. Akainua macho ukutani kwanza.

Akaangalia picha. Akaniangalia mimi. Akamfuata mama kwa macho kule mlangoni, akilinganisha mdomo wake na ule wa ukutani, mpaka akaelewa.

Akauachia waya.

"Hii tuiache, Diploma," akasema taratibu. "Hii umetoka vizuri."

Ilikuwa ya mwisho kwenye foleni. Picha ya mwisho haiondoki, inabaki.

Mama aliokota mtandio. Mkono ukapanda polepole, ukarudi mdomoni.

Nilimfuata barabarani. Alikuwa anatembea haraka na mimi nilikuwa na viatu vya harusi. Nilimfikia kwenye ngazi za nyumbani, nikamweleza kila kitu hapohapo. Kwamba nilikuwepo, ndiyo, nilidanganya. Lakini sikuwa nacheka. Nilikuwa nafungua mdomo nikutetee. Fremu moja inadanganya, mama, ni kipande cha sekunde, mtu anayepiga kelele na anayecheka wanafanana.

"Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nilitaka kusema basi, huyo ni mama yangu."

"Ukasema?"

"Sikusema."

Akafungua mlango.

"Mdomo mkubwa vile," akasema, "kwa neno ambalo halikutoka."

Nilimwambia nitamwonyesha video yenyewe, ikitembea, aone jinsi mdomo ulivyofunguka na kufungwa, aone macho yangu. Nilikuwa nimeshafika nusu ya sentensi nilipokumbuka mstari wa mwisho wa skripti. Ukimaliza, futa zote. Zisirudi.

Zilikuwa hazipo. Katika dunia nzima ilibaki fremu moja, na ndani yake nacheka.

Nimeitazama mara nyingi mno. Nimeikuza mpaka imekuwa vijiraba vya rangi. Kuna siku naona wazi kwamba naanza kusema neno. Kuna siku naona yale mashavu, na sijui tena.

Kazi sina, hilo mmeshalijua. Bibi harusi alirudi ukumbini siku ya pili, akachukua viatu vyake tu. Dairekta ameondoka na vyombo vyake, duka la magodoro limetanuka hadi juu. Mngesema nimeshinda.

Wiki mbili mama hakunisemesha. Tulipishana kwenye korido kama wapangaji.

Kisha asubuhi moja nikiwa kitandani, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa mama. Niliishika kwa mikono miwili, nikidhani nimesamehewa.

Ilikuwa stika.

Sura yangu, imekatwa vizuri pembeni, meno yote nje. Chini yake maneno mawili: Nimefurahi kamili.

Alama ya kusambazwa haikuwepo. Haikutoka kwa Zumu wala kwa mtu mwingine. Mama alikuwa ameipata picha kwa mmoja wa wageni walioipiga ukutani kwa simu, akakaa nayo, fundi wa kukata kitambaa kwa maisha yake yote, akanikata mwenyewe kwenye mstari.

Halafu, kutoka chumba cha pili, nikasikia shuka likivutwa, na cherehani ikaanza kwenda.

Tangu siku ile anashona. Anakwenda sokoni mwenyewe, mdomo wazi, na mtu akimtazama anamtazama pia. Wateja wamerudi. Nasikia mmoja alimwuliza habari zangu, mimi binti yake; mama akatoa simu, akamwonyesha ile stika. Wakacheka wote wawili, yeye kwa nusu yake, na mteja akaomba atumiwe.

Nilitaka kicheko chake kirudi. Kimerudi.

Kwa hiyo, ninyi mnaokaa mbele ya kompyuta mkituma mashine zifanye kazi: ziacheni zichomoe, zipange, zifute, lakini kabla hujatundika sura ya mtu ukutani, ifungue uitazame wewe, mpaka ya mwisho. Na siku ukijikuta katikati ya wanaomcheka mtu wako, ukaufungua mdomo, toa neno. Mdomo uliofunguka ukabaki hivyo hauna tofauti na wa anayecheka. Mimi ninao ushahidi, na uko kwenye simu zenu.